Adapta haibadilishi umeme

Oktoba iliyopita, siku chache kabla ya safari yake, binti wa dada yangu aliingia kibandani kwangu karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, akamwaga mfuko mzima juu ya meza ninayofungulia simu. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Japani, katika mji wa Sapporo. Atapanda treni ya SGR mpaka Dar es Salaam, kesho yake ndege, abadilishe Dubai, kisha Tokyo, kisha huko kaskazini.

"Shikamoo mjomba. Niangalizie vitu vyangu, nijue kipi naenda nacho na kipi nakiacha."

Mezani palikuwa na simu na chaja yake, laptopu aliyonunuliwa na baba yake, pawabenki nyeupe iliyoandikwa 50,000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), mashine ya kunyooshea nywele, hita ya kuchovya kwenye ndoo, na adapta ile ya "dunia nzima" ambayo ukisukuma kitufe inachomoza vipini vya kila aina. Akaiinua hiyo adapta kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Umeme siyo tatizo, adapta nimeshanunua."

Nasikia sentensi hiyo kila mwezi. Wanaosema ni mahujaji, wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou na Istanbul, watumishi wa serikali wa kule Mtumba wanaotumwa kwenye mikutano. Kosa lake ni kuchukulia maswali mawili kama moja. Swali la kwanza: plagi yangu itaingia ukutani? La pili: kifaa changu kitaumudu umeme uliomo humo ukutani? Adapta inajibu la kwanza tu. Ni ufunguo wa nyumba ya watu. Mlango utafunguka, lakini kama ndani kuna mbwa, mbwa yupo pale pale.

Tuanze na mlango. Soketi zetu tumezirithi kwa Waingereza: matundu matatu ya mstatili, volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Kiwango chao, BS 1363, kilitoka mwaka 1947, na ndani ya plagi yake kuna fyuzi. Mguu wa juu, ule mrefu kuliko wenzake, ni wa ethi, yaani waya wa ardhini. Huo ndio unaotangulia kuingia, na ukiingia unasukuma vijipazia vinavyoziba matundu mawili ya chini. Mtoto akichomeka msumari chini haupiti. Na hiyo ndiyo sababu nyumbani kwako, kama kwangu, kuna kalamu iliyoisha wino inayoishi jirani na soketi: chaja ya vipini viwili vya mviringo haiingii mpaka uchokonoe tundu la juu, vijipazia vifunguke. Sote tunafanya hivyo, na wote tunakosea. Vipini vya mviringo havibanwi vizuri na vyuma vilivyotengenezwa kwa vipini vya bapa. Panalegea, panapiga cheche ndogo usizoziona, plastiki inaungua kidogo kidogo, mpaka siku unasikia harufu na unakuta uso wa soketi umekuwa wa kahawia.

Ukienda Kenya, Uganda, Uingereza, Falme za Kiarabu, Malaysia au Singapore, plagi yako ya miguu mitatu inaingia bila kuuliza. Binti yangu akiwa Dubai atachaji kama yuko mtaani Area C hapa Dodoma. Ujerumani, Uturuki na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni matundu mawili ya mviringo. India ni vipini vitatu vya mviringo, muundo wa kale wa Waingereza hao hao, na nyumba za zamani hapa nchini bado utazikuta nazo. Marekani na Japani ni vipini viwili vya bapa, vyembamba kama ulimi wa kufuli.

China ndiyo inayofundisha somo vizuri zaidi. Soketi nyingi za kule zinapokea vipini viwili vya bapa, vinavyofanana na vya Marekani. Sasa chukua kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani peke yake, kinachotaka volti 120, ukichomeke Guangzhou. Kinaingia kama kimezaliwa pale, na ndani kinakutana na volti 220. Hakuna adapta iliyotumika, hakuna aliyelazimisha kitu, na kifaa kimekufa.

Mbwa ndiye volti. Sisi tuna 230. Marekani ni 120, kwa mizunguko 60. Saudi Arabia plagi ni kama yetu na volti ni kama zetu, lakini mizunguko ni 60. Japani ni volti 100, ndogo kuliko karibu nchi zote duniani, na mizunguko inategemea umelala upande gani: mashariki, Tokyo na Sapporo zikiwemo, ni 50, magharibi, Osaka ikiwemo, ni 60. Mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya Wajerumani, Osaka ikanunua ya Wamarekani, na mpaka leo nchi moja ina umeme wa namna mbili. Nilipomweleza hilo binti yangu alicheka, akasema kumbe na wao wanajua kununua vitu bila kushauriana.

Mimi mwenyewe nilijifunza tofauti ya volti kwa njia mbaya. Miaka hiyo kompyuta za mezani za mtumba zilikuwa zinaingia kwa wingi, na mteja mmoja aliniletea ya kwake iliyotoka Marekani, niisafishe na kuiwekea programu. Nikabadilisha waya wa ukutani, nikachomeka. Paa! Moshi mweupe, harufu ya samaki aliyeungua, na kibanda kizima giza. Nyuma ya kompyuta ile kulikuwa na swichi nyekundu ndogo, ya kusukuma kwa ncha ya bisibisi, imeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ilikuwa kwenye 115. Sikuitazama. Nilimlipa mteja wangu pawasaplai nyingine kwa awamu tatu.

Kwa hiyo nikamwambia binti yangu: acha adapta, tusome maandishi. Kila chaja ina maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Ukishindwa kuyasoma, yapige picha kwa simu kisha uyakuze. Tafuta mstari unaoanza na INPUT. Ukikuta 100–240V na 50/60Hz (Hz ndiyo ile mizunguko kwa sekunde), kifaa hicho kinakula umeme wa nchi yoyote. Unachohitaji ni umbo la plagi tu. Ukikuta 220–240V peke yake, kina mipaka. Mstari wa OUTPUT unahusu kile kinachotoka kwenda kwenye simu, na kwa safari hauna shida.

Chaja ya simu yake: 100–240V. Ya laptopu: 100–240V. Mashine ya nywele: 220–240V. Hita: 220–240V, wati 1,500.

Mbona chaja ndogo ya simu inaweza kazi ambayo hita kubwa haiwezi? Nilifungua chaja moja mbovu nimwonyeshe, na naona inafaa kusimama hapa kidogo, maana ukielewa hili hutahitaji orodha ya nchi.

Chaja za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma, nzito, imezungushiwa waya kwa hesabu maalumu. Ukiipa volti 230 inatoa, tuseme, 6. Ukiipa 115 inatoa 3. Haina akili. Chaja za sasa zinafanya kazi kwa mtindo mwingine. Umeme wa ukutani, ambao hubadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kwanza unanyooshwa uende upande mmoja. Wa kwetu wa 230 ukishanyooshwa unafika kama volti 325, wa Japani unafika kama 140. Kisha swichi ndogo ya kielektroniki inaukatakata vipande makumi elfu kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ya ukubwa wa punje chache za karanga. Upande wa pili kuna kichunguzi kinachotazama: volti 5 zimetimia? Zikipungua, swichi inaacha vipande virefu zaidi vipite. Zikizidi, inavifupisha. Chaja haijui kama iko Dodoma au Sapporo. Inachojua ni 5 yake tu. Na kwa kuwa umeme ulishanyooshwa mwanzoni, mizunguko 50 au 60 haina maana tena kwake.

Chaja za kasi zinaongeza mazungumzo: simu na chaja zinaulizana kupitia waya, tupande volti 9, tupande 12, na kwa laptopu nyingi mpaka 20. Zisipoelewana zinabaki kwenye 5. Ndiyo maana chaja kubwa ya laptopu yenye tundu la Type-C haiunguzi simu. Umoja wa Ulaya umeshalazimisha tundu hilo kwa simu mpya zinazouzwa kwake tangu tarehe 28 Desemba 2024, kwa hiyo ule mzigo wa chaja nne kwenye begi unaelekea kwisha.

Hita haina lolote kati ya hayo. Ni waya mrefu wenye ukinzani, umekunjwa ndani ya bomba. Umeme ukipita, unapata joto, basi. Na joto linabadilika kwa kasi kuliko volti: ukipunguza volti kwa nusu, na mkondo nao unapungua kwa nusu, kwa hiyo nguvu inabaki robo. Nikamchorea nyuma ya risiti ya LUKU, ile ya kununulia umeme. Hita ya wati 1,500 kwa volti 230, ikifika Japani kwenye volti 100, inabaki na wati kama 280. Lita moja ya maji ya chai inayochemka hapa kwa dakika nne, kule itachukua dakika 20, na zaidi kwa sababu maji yanapoa wakati unangoja.

"Haitaungua lakini?"

"Haitaungua. Itakuchosha."

Kuungua ni safari ya kurudi. Shangazi aliyeko Marekani anakununulia blenda nzuri ya volti 120, wati 500, unaichomeka Dodoma kwa adapta ya elfu mbili. Volti zimekaribia mara mbili, nguvu inataka kuwa karibu mara nne. Blenda itanguruma kama pikipiki kwa sekunde chache, kisha itanyamaza moja kwa moja. Nimeletewa nyingi, na jibu langu ni lile lile: inahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile za blenda, na transfoma hiyo ina uzito wa tofali na bei inayokaribia blenda mpya. Jihadhari pia na vile "vigeuza umeme" vyepesi vinavyouzwa kwenye viwanja vya ndege. Vingi vinakata mawimbi ya umeme tu bila kuyashusha kwa ustaarabu. Pasi inavumilia. Kifaa chenye saketi ndani hakivumilii.

Mashine ya nywele nayo ikawekwa upande wa vinavyobaki, kwa manung'uniko. Zipo za 100–240V, akanunue yake huko huko au atafute hapa kabla ya Alhamisi. Alitafuta.

Tukarudi kwenye adapta yake ya dunia nzima. Niliifungua kwa ruhusa yake. Upande wa kupokea una tundu la ethi kama soketi yetu, linapendeza machoni. Ndani, tundu lile haliendi popote. Ni shimo la plastiki. Hizi adapta nyingi ziko hivyo: zinapokea miguu mitatu na kupitisha miwili. Kwa chaja ya simu haidhuru, yenyewe imejengwa isitegemee ethi. Kwa pasi au birika lenye mwili wa chuma ni hatari ya kweli, kwa sababu waya ukichubuka ndani, ule mwili wa chuma unakuwa na umeme na hakuna njia ya kuupeleka ardhini isipokuwa wewe.

Laptopu iko katikati. Umewahi kupitisha kiganja juu ya laptopu ya chuma inayochaji ukahisi kama inatetemeka, kama kuna mchanga mwembamba unaotembea? Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkali na upande wa laptopu, kazi yake kupunguza kelele za kielektroniki, na inavujisha mkondo mdogo sana. Ethi ikiwepo, mkondo huo unaishia ardhini. Isipokuwepo unaishia kwenye ngozi yako. Kwa chaja halali ni kutekenywa tu. Japani soketi nyingi za ukutani ni za vipini viwili bila ethi, kwa hiyo nilimwambia mapema asije akanipigia usiku wa manane akidhani laptopu ina pepo. Lakini ukitekenywa na chaja ya bei ya kutupa, ichomoe.

Maana chaja bandia inaanguka hapo hapo, kwenye ukuta kati ya umeme mkali na ule wa simu. Katika chaja nzuri pande hizo mbili zimeachiwa nafasi ya milimita kadhaa, na waya za transfoma zimefungwa tabaka kwa tabaka. Ya bandia inabana nafasi ili iokoe shilingi. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilijaribu chaja bandia 400 zilizoigizwa za Apple. Zilizofaulu zilikuwa 3. Zilizojengwa vibaya kiasi cha kuweza kuua mtu zilikuwa 12. Msafiri ndiye mteja mzuri wa bidhaa hizo: amesahau ya kwake nyumbani, simu ina asilimia 6, na muuzaji yuko mlangoni pa kituo cha basi.

Nilichomshauri badala ya adapta kilimshangaza kwa urahisi wake. Waya wa laptopu unaoingia ukutani unachomoka kwenye tofali la chaja. Tofali lenyewe ni la dunia nzima; waya ndio wa Tanzania. Ukifika unanunua waya wenye plagi ya kule, unachomeka kwenye tofali lako, na hujahitaji adapta hata siku moja. Kwa simu, chaja yenye vipini vya kule. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, chukua adapta moja imara na ekstensheni fupi ya matundu manne kutoka hapa nyumbani. Adapta moja inakaa ukutani, vitu vyote vinachomekwa kwenye ekstensheni kwa plagi zake za kawaida. Laptopu ya wati 65 na simu mbili za wati 20 hazifiki wati 110 zote pamoja, hata kwa volti 100 ni kama ampea moja tu. Birika tu lisiguse hiyo ekstensheni.

Sasa pawabenki. Hapa niliomba kitu ambacho hakuwa amekitarajia: mzani wa jirani yangu anayeuza karanga.

Pawabenki ilisoma gramu 210. Seli moja ya betri ya litiamu, zile za mviringo zinazotumika humo, ina uzito wa kama gramu 46, na iliyo bora kabisa inabeba kama 3,500 mAh. Kufikisha 50,000 unahitaji seli 15, yaani karibu gramu 700 kabla ya kuhesabu ganda. Muuza karanga aliifanya hesabu kabla yangu, akasema, "Wamekupunja ratili." Tulipoifungua tulikuta seli mbili za rangi tofauti na kipande cha chuma kilichogundishwa kwa gundi ili mkono usishtuke.

Na uwanja wa ndege wangeichukua vile vile, kwa kosa la nguvu ambazo haina. Sheria za ndege hazihesabu mAh, zinahesabu wati-saa. Unapata kwa kuzidisha mAh kwa 3.7, kisha unagawa kwa 1,000. Pawabenki ya 10,000 ni wati-saa 37, ya 20,000 ni 74. Chini ya 100 unaruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege kwanza. Zaidi ya 160 haipandi. Yake, kwa maandishi yake yenyewe, ni 185.

Pawabenki haiingii kamwe kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege. Inakaa nawe, juu. Watu hudhani ni kinyume, kwamba kitu cha hatari kiwekwe mbali na abiria. Sababu iko kwenye namna betri ya litiamu inavyoungua. Tabaka jembamba linalotenganisha pande mbili za seli likipasuka, seli inapata joto, joto linaanzisha mmenyuko unaotoa joto zaidi, na seli ya jirani inafuata. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye shehena inazima miale lakini haizimi joto linalojizalisha ndani ya betri. Huku juu mhudumu anaona moshi mapema, anamwaga maji, na maji yanapoza. Tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Gimhae mjini Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan iliwaka ikiwa bado chini. Moto ulianzia kwenye kabati la mizigo la juu ya viti. Watu wote 176 walitoka hai, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye pawabenki. Tangu Machi mwaka huo Korea ilikataza kuziweka kwenye makabati hayo, na Japani ikafuata Julai. Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, chini ya wati-saa 100, yenye maandishi yanayosomeka, na marufuku kuitumia ndani ya ndege. China nayo tangu tarehe 28 Juni 2025 haikubali kwenye ndege zake za ndani pawabenki isiyo na alama yake ya usalama ya 3C, jambo linalowakuta wafanyabiashara wetu wanaounganisha ndege wakiwa ndani ya China.

Basi tukapata ya 20,000 yenye 74Wh imeandikwa waziwazi mgongoni. Nikaibandika utepe kwenye tundu lake ili isigusane na funguo mkobani. Na nikamwambia jambo moja la ndani ya ndege: simu ikidondoka kwenye ufa wa kiti, asisogeze kiti kuitafuta. Amwite mhudumu. Kiti cha ndege kina chuma cha kutosha kuikunja simu kama chapati, na betri iliyokunjwa inawaka.

Kuhusu matundu ya USB ya viwanja vya ndege na hoteli, mtu ameshamtumia ule ujumbe wa WhatsApp kwamba wezi wanaiba data kupitia hayo. Njia hiyo inawezekana kiufundi, na ofisi ya FBI ya Denver ilitoa tahadhari Aprili 2023. Mimi inanitisha kidogo kuliko soketi iliyolegea. Tumia chaja yako mwenyewe kwenye umeme wa kawaida, na simu ikiuliza kama uiamini kompyuta iliyounganishwa, kataa. Kinachowakuta wengi hotelini ni kichekesho zaidi: umeme wa chumba unawashwa na kadi ya mlango, unaichomoa ukienda kunywa chai, unarudi simu iko pale pale kwenye asilimia 12.

Aliondoka Alhamisi na treni. Hita na mashine ya nywele vilibaki kibandani.

Januari akanitumia ujumbe wa sauti, meno yanagongana. Theluji imefika magotini, ametoka maktaba akaitoa simu mfukoni apige picha, imezima ikiwa na asilimia 40. Amefika chumbani, anataka kuichomeka sasa hivi ili amwonyeshe mama yake theluji kwa video.

Nikamwambia asiichomeke. Betri ya litiamu ikiwa na baridi kali, kemikali zake zinakuwa nzito, volti inaporomoka, simu inadhani chaji imekwisha. Hilo halina madhara, ikipata joto ile 40 inarudi. Kibaya ni kuchaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri: litiamu inashindwa kuingia mahali pake, inaganda juu kama kutu la chuma, na haling'oki tena. Uwezo unapotea, na utando huo ukikua unaweza siku moja kutoboa lile tabaka jembamba nililomwambia habari zake.

"Kwa hiyo nifanyeje, mjomba?"

"Itie chini ya kwapa nusu saa. Mezani, siyo kwenye hita. Yaani kwapani kwanza, ikishapoteza ubaridi ndiyo mezani."

"Na chai nichemshie nini? Birika la hapa la pamoja lina foleni."

Sikumjibu hilo mara moja. Hita yake ilikuwa ndani ya sufuria yangu, kwenye volti 230, na maji yalikuwa yameanza kuchemka.